Sura ya Saba: Sauti ya Kanuthia

Ukitoka Isiolo mjini ukaifuata barabara ya lami iendayo Marsabit, kabla hujafika Archers Post kuna njia ya vumbi inayokata kulia. Hiyo ndiyo ya kwenda Shaba. Ardhi ya huko ni ya mawe meusi ya volkano, chemchemi zinabubujika katikati ya ukame, na Uaso Nyiro unapita upande wa kaskazini, kingo zake zimeota mikoma. Shaba ilitangazwa hifadhi mwaka 1974. Joy Adamson, yule ambaye filamu ya Born Free inamhusu, alihamia huko na chui wake aliyeitwa Penny, na huko huko akauawa tarehe 3 Januari 1980. Mwaka 2001 kampuni ya televisheni ya Marekani ilileta washindani kumi na sita kuigiza maisha ya porini katika mfululizo wa Survivor. Waligawanywa makundi mawili, moja likaitwa Boran na jingine Samburu, na mshindi, Ethan Zohn, akaondoka na dola milioni moja.

Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1985, walipita watu wa filamu ya Out of Africa.

Watu wa Isiolo wamezoea wageni wenye kamera. Wamewaona wakija na malori, wakikodi vijana wa kubeba mizigo, wakitafuta wazee wa kusimama nyuma ya picha, kisha wakifunga virago. Filamu inapotoka, nchi inaonekana vizuri sana: jua, mto, twiga, mlima kwa mbali. Watu wa nchi hiyo wanaonekana kidogo, na mara nyingi hawasemi. Sura hii ni ya mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa hao wasiosema. Kwenye orodha ya waigizaji aliandikwa Job Seda. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada.

Hakuwa mtu wa Isiolo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, Mjaluo, na alifia Nyahera karibu na Kisumu. Lakini maisha yake yaligusana na kaskazini ya Kenya kwa njia ambayo haijasimuliwa inavyostahili, na wimbo wake mkubwa unahusu jambo ambalo mfugaji wa Merti au Garbatulla hahitaji kuelezwa: mvua inakuja, rudisheni ng'ombe nyumbani.

Tuanze na filamu yenyewe. Out of Africa iliongozwa na Mmarekani Sydney Pollack, ikaigizwa na Meryl Streep kama Karen Blixen na Robert Redford kama Denys Finch Hatton. Nairobi ya miaka ya 1910 ilijengwa upya Langata, mandhari nyingine zikatafutwa sehemu mbalimbali za nchi, Shaba ikiwemo. Simba waliofunzwa waliletwa kwa ndege kutoka California, kwenye nchi iliyojaa simba. Usiku wa tarehe 24 Machi 1986 filamu hiyo ilizoa tuzo saba za Oscar, ile ya filamu bora ikiwa mojawapo.

Mkenya anayeitazama leo ana mambo yake ya kuangalia. Farah, msimamizi wa nyumba ya Karen, katika historia alikuwa Msomali, na Blixen mwenyewe aliandika kuwa alitoka ukoo wa Habr Yunis. Huo ni ukoo wa Isahakia. Isiolo ina Isahakia tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Waingereza walipowapa nafasi ya kukaa askari wa Kisomali waliopigana upande wao. Wajukuu na vitukuu wao bado wapo mjini. Kwa hiyo mtu wa pili kwa uzito katika hadithi ile alikuwa na ndugu wa ukoo umbali mfupi tu kutoka Shaba. Nafasi yake ilipewa Malick Bowens, mwigizaji hodari kutoka Afrika Magharibi, na aliitendea haki. Hata hivyo ni jambo la kusikitisha kwamba Wasomali wa Kenya walisimuliwa mbele ya dunia nzima bila mmoja wao kupewa nafasi ile.

Job Seda alipewa nafasi ya Kanuthia, mfuasi wa Denys katika safari zake za porini. Ni mrefu, mtulivu, yupo karibu na Redford kwenye picha kadhaa, na maneno yake ni machache mno. Ukipepesa macho kidogo umempita. Watazamaji wengi Ulaya na Marekani walimchukulia kuwa mtu aliyeokotwa kijijini akavalishwa shuka. Hawakujua kwamba yule aliyenyamaza kando ya Redford alikuwa ameshakaa Marekani utotoni, ameshapiga roki kwenye kumbi za Nairobi, na alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliofikiri kwa kina zaidi kuhusu sauti ya Kenya iweje.

Na hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii. Muziki wa Out of Africa ulitungwa na John Barry, Mwingereza mzaliwa wa York, kwa okestra kubwa ya vinanda na tarumbeta, na ukampa Oscar. Miaka ishirini kabla, Barry huyo huyo alikuwa ametunga muziki wa Born Free, filamu ya mwaka 1966 kuhusu akina Adamson na simba wao Elsa, akapata Oscar mbili kwa kazi hiyo. Ni muziki mzuri, wala hakuna haja ya kuudharau. Lakini hesabu inajisema yenyewe. Filamu mbili maarufu kuliko zote zilizoizungumzia nchi hii zote zilituzwa kwa muziki wake, na katika zote mbili dunia ilisikia Kenya kwa masikio ya mtu mmoja wa York. Katika ile ya pili, mwanamuziki wa Kenya alikuwepo ndani ya picha, na hakuulizwa.

Wapo Wamarekani wa sinema waliokuja wakabaki. William Holden, aliyekuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa Hollywood, alinunua na wenzake hoteli iliyokuja kuwa Mount Kenya Safari Club huko Nanyuki mwaka 1959, na The Lion, filamu yake ya mwaka 1962, ilipigwa picha eneo hilo hilo la Mlima Kenya. Alipofariki mwaka 1981, mwenziwe Stefanie Powers, naye mwigizaji, alianzisha wakfu wa wanyamapori kwa jina lake. Hao waliipenda nchi na wameacha kitu. Swali la sura hii ni jingine: Mkenya mwenye vipaji viwili, cha kuigiza na cha kupiga ala, alipitia njia gani ili asikike?

Wazazi wake Job Seda wote wawili walikuwa wapiga muziki. Alipokuwa na miaka sita hivi walikwenda naye Marekani, wakawa wanazunguka vyuoni kuwapigia wanafunzi muziki wa Kijaluo. Ilikuwa miaka ile ambayo ndege za mpango wa Tom Mboya zilikuwa zinawapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma huko, na Wamarekani wengi ndiyo kwanza wanasikia kuna nchi inaitwa Kenya. Mtoto anayemwona baba na mama wakiimba kwa lugha yao mbele ya ukumbi wa wageni, na wageni wakanyamaza kusikiliza, hujifunza jambo ambalo shule za kikoloni hazikumfundisha mwenzake aliyebaki nyumbani. Hujifunza kwamba muziki wa kwao hauhitaji kuombewa radhi.

Lakini kijana ni kijana. Miaka ya 1970 Job Seda alijiunga na Black Savage, bendi ya Nairobi iliyopiga roki na soul na kuimba zaidi kwa Kiingereza. Mwaka 1976 walitoa albamu yao kupitia EMI, Something for Someone. Nairobi ya wakati ule ilikuwa na studio, viwanda vya sahani za santuri, na kumbi zilizojaa rumba ya Kongo na benga. Vijana wa Black Savage walitaka kitu kingine, gitaa la umeme lenye maneno ya kupinga na kuuliza. Mwaka huo huo ukatoka pia wimbo wao uliokuwa wa Kijaluo, unaoitwa Kothbiro. Watunzi wake wameandikwa ni wawili, James Mbarack Achieng na Job Seda mwenyewe, kwa jina la Ayub Ogada. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana wimbo huu ulikuja kuishi maisha marefu kuliko bendi.

Mwaka 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Jina lilitoka kwenye duka na jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi, lililoanzishwa mapema miaka ya 1970 na watu wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja ni Joseph Murumbi, mwana wa Mgoa na Mmaasai, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966 kisha akaacha siasa akashughulikia vitabu na sanaa. Wa pili ni Alan Donovan, Mmarekani aliyefanya kazi ya misaada Nigeria wakati wa vita vya Biafra, akaacha kazi, akaja Kenya. Na safari iliyombadilisha Donovan ilikuwa ya kaskazini. Mwaka 1970 alikwenda hadi Turkana, akakusanya vibuyu, vigoda vya kulalia kichwa, shanga na vyombo vya maziwa, akaja kuvionyesha Nairobi; kwenye maonyesho hayo ndipo alipokutana na Murumbi. Vitu ambavyo mama wa Kiturkana alivitumia kila siku bila kuvifikiria vilizaa jumba la sanaa lililojulikana Afrika nzima, na jumba hilo likazaa bendi.

Bendi yenyewe ilikuwa na lengo la wazi. Ilichukua midundo na ala za makabila ya Kenya, ikaziweka pamoja na gitaa na kinanda, isiwe ngoma ya kuonyesha watalii wala roki ya kuiga. Ndani yake walipita watu kama Samite, mpiga filimbi wa Uganda aliyekimbilia Kenya mwaka 1982 na baadaye akahamia Marekani mwaka 1987, ambako amefanya kazi mpaka leo. Wanamitindo walivaa, bendi ikapiga, maonyesho yakasafiri. Ni katika miaka hiyo ndipo Job Seda alipoikamata nyatiti kwa moyo wake wote.

Nyatiti haina budi kuonwa kwa karibu ili ieleweke. Ni bakuli la mti lililochongwa, likawambwa ngozi ya ng'ombe, likachomekwa miti miwili inayoshika mti wa tatu juu. Nyuzi ni nane, nne nne. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni uzi wa nailoni, ule ule wa kuvulia samaki ziwani. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, karibu aguse ardhi, ala ameilaza mbele yake. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete nzito ya chuma, oduong'o, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa mti kila pigo. Kwenye kifundo cha mguu hufunga njuga, gara. Vidole vinacheza nyuzi, mguu unatoa mdundo, njuga zinajibu, na juu ya vyote mdomo unaimba. Mtu mmoja amekuwa bendi. Jathum wa kale, yaani mpiga nyatiti, alifanya hivyo usiku kucha matangani na harusini, akiwataja watu kwa majina ya baba zao, akiwasifu waliotoa na kuwachokoza waliobana mikono.

Ayub Ogada alikuja kuipiga kwa namna yake. Aliipunguzia kasi. Jathum wa kijijini hupiga kwa nguvu kwa sababu ana kelele za matanga za kushindana nazo. Ogada alipiga kama mtu aliye peke yake malishoni jioni. Mafundi wengine wa nyatiti wamesema kwamba hiyo si nyatiti ya wazee, na wana haki ya kusema. Lakini ukisikiliza bila haraka utagundua kwamba mzunguko wa nyuzi ni ule ule, na yale mapengo kati ya pigo na pigo ndiyo aliyoyaongeza yeye. Mapengo hayo ndiyo yaliyowapa nafasi ya kuingia watu wasiojua neno moja la Kijaluo.

Baada ya Out of Africa alipata nafasi nyingine katika The Kitchen Toto ya mwaka 1987, filamu ya Harry Hook kuhusu mtoto wa Kikuyu anayefanya kazi jikoni kwa afisa wa polisi wa Kiingereza wakati Mau Mau inapoanza. Ni filamu ndogo kwa bajeti, lakini kwa ukweli wake inaipita ile kubwa. Inamtazama mtoto mweusi usoni tangu mwanzo mpaka mwisho, na haimwogopi.

Mwaka 1986, mwaka ule ule ambao Hollywood ilikuwa inagawana Oscar za Out of Africa, Job Seda aliondoka Kenya akiwa na nyatiti yake, akaenda Uingereza. Akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London. Siku hizo jambo hilo lilikuwa kinyume cha sheria; mpango wa kutoa vibali kwa wapiga muziki vituoni ulianza mwaka 2003. Mpigaji alikaa kwenye njia ya wapita njia akijua kuwa mlinzi anaweza kumtimua wakati wowote. Juu ya ardhi, kwenye kumbi za sinema za jiji hilo hilo, watu walikuwa wamelipa kumwona akitembea nyuma ya Redford. Chini ya ardhi walimpita wakikimbilia treni, na baadhi wakasimama.

Kati ya waliosimama walikuwepo waliojua wanachokisikia. Mwaka 1988 alialikwa kwenye tamasha la WOMAD huko Cornwall, tamasha lililoanzishwa mwaka 1982 na Peter Gabriel na wenzake, kujaza nafasi ya msanii ambaye hakufika. Alipanda jukwaani na nyatiti tu. Kutoka hapo mambo yalifunguka: akasafiri na Gabriel kwenye ziara, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo. Jina la Job Seda lilikuwa limebaki kwenye filamu. Kwenye jalada la albamu aliandikwa Ayub Ogada.

Ndani ya albamu hiyo Kothbiro ulirudi. Safari hii hauna gitaa la roki. Nyatiti inazunguka polepole, sauti ya juu inaita, nyingine zinaitikia kwa chini. Maudhui yake ni ya mchungaji: anawaita watoto, mawingu yamekusanyika, ng'ombe warudishwe boma kabla mvua haijafika. Katika nchi ya Waluo wimbo huo unaweza kusikika kama wa kawaida, kwa kuwa mvua ya ziwa haikosi kwa muda mrefu. Upeleke Isiolo uone. Mwaka ambao mvua za masika zimekataa, na za vuli zikakataa baada yake, na ng'ombe wamehamishwa kutoka malisho ya Cherab mpaka Marsabit, maneno mawili ya kichwa cha wimbo, koth biro, mvua inakuja, yanakuwa na uzito mwingine. Mzee wa Kiborana hazungumzi Kijaluo, lakini mawingu hayo anayajua, na anajua mbio za kuwahi kuwavusha ng'ombe lagga kabla maji hayajashuka.

Labda ndiyo maana wimbo huo ulikaa vizuri mahali ulipowekwa miaka kumi na miwili baadaye. Mwaka 2005 ilitoka The Constant Gardener, filamu iliyotokana na riwaya ya John le Carré kuhusu kampuni ya dawa inayowajaribia maskini wa Kenya dawa isiyo salama. Mwongozaji alikuwa Fernando Meirelles wa Brazil. Badala ya kutafuta mandhari ya kupendeza, alipeleka kamera Kibera, na sehemu za kaskazini akazipiga Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Wakati huo lami iliishia Isiolo. Kila aliyetaka kupanda Marsabit au ziwani kwa upande huu aliagana na barabara nzuri hapo mjini, akajaza mafuta, akapunguza upepo kwenye magurudumu, akaingia kwenye mawe.

Muziki wa filamu hiyo ulitungwa na Mhispania Alberto Iglesias, na ukateuliwa kuwania Oscar. Safari hii mtunzi wa kigeni alifanya ambalo halikufanyika mwaka 1985. Alimtafuta mtu mwenye sauti hiyo. Kothbiro umo ndani ya filamu, kwa sauti ya Ogada mwenyewe na kwa nyatiti yake. Rachel Weisz alipata Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na waliotengeneza filamu walianzisha mfuko wa kusaidia shule na maji Kibera na Loiyangalani. Lakini waulize walioitazama wanakumbuka nini. Wengi watakutajia jangwa lile jeupe kando ya ziwa, na ule wimbo.

Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu Kanuthia. Mara ya kwanza filamu ilichukua uso wake na kuacha sauti. Mara ya pili ilichukua sauti bila uso. Ukiulizwa ipi ilimtendea haki zaidi, jibu ni la pili, bila kusita. Mwigizaji wa nafasi ndogo anaweza kubadilishwa na mwingine na filamu isipungukiwe. Kothbiro hauna wa kukaa mahali pake.

Mwaka 2007 Ogada alirudi nyumbani, akaishi Nyahera. Hakuacha kazi. Mwaka 2015 ilitoka albamu ya Kodhi, aliyoifanya na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren. Hata hivyo ni lazima isemwe wazi: Kenya ilimjua kidogo kuliko dunia ilivyomjua. Redio zetu zilimpigia mara chache, na kijana wa Nairobi angeweza kumaliza chuo bila kusikia jina lake, ilhali mwenzake wa London ana sahani yake kabatini.

Kisha, tarehe 1 Juni 2018, Kanye West alitoa albamu yake inayoitwa ye. Wimbo wa pili, Yikes, umejengwa juu ya kipande cha Kothbiro. Kipande chenyewe hakikutoka Real World. Kilitoka kwenye rekodi ile ya Black Savage ya mwaka 1976, ya vijana wa Nairobi na magitaa yao. Yikes ulifika nambari 8 katika orodha ya Billboard ya Marekani. Kwenye orodha ya watunzi, pamoja na majina ya Wamarekani, yameandikwa majina mawili ya Kenya: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Vijana wa Nairobi ambao hawakuwahi kusikia habari za Black Savage walianza kuuliza wazazi wao.

Ogada alikuwa hai kuyaona hayo. Alifariki Nyahera tarehe 1 Februari 2019, miezi minane baadaye.

Ni kwa nini basi asimuliwe katika kitabu kinachohusu Isiolo? Kwa sababu Isiolo leo iko pale alipokuwa yeye mwaka 1985. Kamera zinakuja kuliko wakati wowote. Barabara ya kwenda Moyale ni lami tupu, uwanja wa ndege upo, na mtu anayetaka ngamia, mto wenye mamba na mlima wa volkano ndani ya siku moja ya kupiga picha anavipata. Vijana wa Kiborana, Kiturkana, Kisomali, Kisamburu na Kimeru wanarekodi nyimbo kwenye vyumba vilivyobandikwa magodoro ukutani, wanapiga video kwa simu kandokando ya Uaso Nyiro, wanapakia YouTube. Mtu wa filamu akija na kuomba wimbo wa kuweka nyuma ya picha zake, wengi hutoa bure na kushukuru kwamba wameonekana. Akiomba bibi aimbe wimbo wa kunywesha ng'ombe kisimani, bibi huimba, kinasa sauti huzimwa, na jina la bibi haliandikwi popote.

Majina mawili ya watunzi wa Kothbiro ndiyo yaliyosimama mwaka 2018 mbele ya kampuni kubwa za Marekani. Kama yangekosekana, kipande kile kingeitwa wimbo wa asili wa Kiafrika, usio na mwenyewe, na biashara ingekwisha hapo. Mwanamuziki wa Isiolo anayesoma haya afanye mambo mepesi. Aandike jina la kila aliyetunga na kila aliyepiga, pamoja na mwaka. Asajili kazi yake KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, jambo linalowezekana kwa mtandao bila kwenda Nairobi. Asimpe mtu wa kamera faili lolote kabla ya karatasi yenye sahihi mbili, na akimrekodi bibi, karatasi hiyo iwe na jina la bibi.

Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na wimbo wenye watunzi wawili huhesabiwa kutoka kifo cha yule wa mwisho. Kwa hiyo Kothbiro utabaki mali ya waliouandika na ya warithi wao mpaka mwisho wa mwaka 2069 kwa uchache.